Naomba ushauri: jasusi aliyesahau jina lake, nani asimulie?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika riwaya ya kijasusi yenye mambo ya majini na mapepo, na nimekwama.

Ni Unguja, katikati ya 1964, baada ya Mapinduzi na Muungano. Wajerumani Mashariki wako mjini, Wamarekani wanawachungulia. Jasusi wangu anazinduka mtaa wa Malindi hapo mjini, hajui yeye ni nani, ila vidole vyake vinafungua kufuli bila shida. Hapo sina wasiwasi. Hata Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo 1953 akashindwa kuweka kumbukumbu mpya, alijifunza kuchora nyota kwa kutazama kioo, na hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo.

Kinachonitesa ni pepo. Kwenye ngoma ya kupunga, mganga humuuliza pepo jina, kabila na anachotaka, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa. Huyu pepo wa jasusi wangu anajibu kwa jina la jasusi lililo kwenye faili la ofisini! Basi miaka yote aliyekuwa kazini ni nani?

Nikisimulia kwa nafsi ya kwanza, huyo "mimi" ni yupi? Nafsi ya tatu nimeijaribu, mashaka yote yanapotea. Rafiki kanishauri nimfute jini kabisa. Sikubali, itabaki riwaya ya bastola tu.

Mliokulia Unguja na Pemba, nisaidieni pia hili: pepo anaweza kudanganya jina? Mganga akimshtukia, anafanyaje?