Mti uliogeuka jiwe: nitautambuaje, na nitaung'arishaje?

Mkazi_wa_Bahi
Wakubwa zangu, shikamooni. Nina mawe mawili ambayo naomba mnisaidie kuyatambua. La kwanza aliniachia marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Songea. Lina urefu wa shubiri moja, rangi yake ni kahawia yenye weusi, na kila mgeni hudhani ni kipande cha kuni mpaka alinyanyue. La pili nililiokota mwenyewe kwenye korongo kavu hapa Dodoma, njia ya kwenda Haneti, nalo lina mistari myeupe na ya kijivu iliyonyooka ubavuni kama nyuzi za ubao. Kisu hakiyakwaruzi yote mawili. Je, yote yalikuwa miti? Na ninaweza kuyang'arisha nyumbani, ilhali nina grinda ya kukatia vigae tu?

Fundi_Vito
Marahaba. Kisu kimekuambia tu kwamba mawe ni magumu. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwazi, yaani madini ambayo mara nyingi huujaza mti uliogeuka jiwe, ina ugumu wa 7, na kisu cha kawaida hakifiki 6, kwa hiyo hata akiki, ambayo ni jamii ya kwazi na haikuwa mti, ingefaulu mtihani huo. Ubavu nao hudanganya watu wengi. Lowesha ncha ya jiwe, pale ambapo shoka lingekata gogo, uitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kwenye mti utaona pete zilizojipinda kuzunguka kiini, na miali myembamba inayozikata pete hizo kutoka ndani kwenda nje. Mwamba wenye matabaka hauna kiini. Mistari yake hupita moja kwa moja.

Mahali jiwe lilikotoka pia ni ushahidi. Miamba mingi ya Dodoma ni matale (graniti) na jamaa zake, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, wakati ambapo duniani hapakuwa na mti hata mmoja. Kusini, upande huo wa Songea, katika bonde la Ruhuhu, kuna miamba ya Karoo iliyotokana na mchanga na tope la mito ya kale, na humo magogo yalifukiwa, maji yenye silika, yaani madini yanayounda kwazi, yakayapenya na kujaza seli moja baada ya nyingine.

Mkazi_wa_Bahi
Nimelowesha. La mjomba lina pete zilizopinda, na pembeni kuna kifundo cha tawi ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote hii. La Haneti mistari inapita moja kwa moja. Nimesikitika kidogo.

Mama_Msasa
Mwanangu, usikate kwa grinda ya mkononi huku unamwaga maji, kwa maana umeme hauna urafiki. Tafuta fundi vigae mwenye mashine ya meza yenye beseni la maji na diski ya almasi isiyo na meno. Kukata kikavu usithubutu kabisa: vumbi la silika huharibu mapafu, na kitambaa puani hakilizuii.

Baada ya hapo ni msasa wa maji, ule mweusi, uliolazwa juu ya kioo: namba 120, 220, 400, 600, 1000, kisha 2000. Kila ukibadili namba, geuza mwelekeo wa kusugua, usiendelee mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha yote. Osha jiwe, mikono na beseni, kwa sababu punje moja ya 120 ikibaki itakurudisha mwanzo. Malizia kwa unga wa serium oksidi, ule laini wa kung'arishia, kwenye ngozi iliyoloweshwa. Wengine hupaka vanishi. Mimi naona inalifanya jiwe lifanane na andazi.

Mzee_wa_Ramani
Kabla ya kukata, simama kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inagusa pia mabaki ya mimea iliyogeuka mawe, wala haimhusu mwenye mifupa peke yake. Jiwe la mjomba lipige picha likiwa zima, andika kwenye karatasi lilitoka wapi, kisha lipeleke kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Dodoma. Likishakatwa, kile kifundo hutakirudisha.

Mkazi_wa_Bahi
Nimeelewa, mzee wangu. Jioni nitampigia simu mke wa mjomba nimwulize kama anakumbuka ni mto gani. Msasa wa namba 120 nimeshanunua, kwa hiyo nitajifunzia kwenye lile la Haneti.