MREJESHO: Rekodi za Google Meet kujipanga zenyewe Drive

Wakuu salama, niliuliza hapa namna ya kufanya rekodi za vipindi vyetu vya tuisheni vya Google Meet ziende zenyewe kwenye folda ya kila somo, maana zote zinarundikana kwenye ile folda ya Meet Recordings na mimi ndo nazihamisha kwa mkono usiku kucha.

Nimefuata ushauri wa mdau aliyesema niachane na huduma za kulipia nitumie Apps Script (sehemu ya Google ya kuandika programu ndogo, yaani skripti, zinazofanya kazi zenyewe ndani ya Drive). Skripti inasoma jina la faili, kwa sababu kichwa cha kikao huwa kinaingia kwenye jina, ikikuta FIZIA inapeleka folda ya Fizikia, ikikuta KEM inapeleka Kemia, nimeiwekea triga (kipima muda cha kuiamsha) ya kila saa moja basi inajiendesha hata laptop ikiwa imezimwa. Na kweli kama mlivyosema linki za zamani hazijafa, faili likihama ID yake (namba ya utambulisho iliyo ndani ya linki) inabaki ileile.

Kilichogoma: kipindi alichokiandaa mwalimu mwingine rekodi inaenda Drive yake yeye, skripti yangu haiioni kabisa. Kwa sasa vikao vyote naviandaa mimi kwenye kalenda, walimu wanaingia tu na linki, mmoja bado mbishi anatengeneza vyake, hivyo vya kwake bado nahamisha kwa mkono.

Asanteni sana, na aliyenirekebishia ile code ya moveTo (amri ya kuhamisha faili) Mungu akubariki mkuu.