Utafiti wa tiba: biokemia au udaktari?

Mdadisi: Wakuu, nina nafasi mbili chuoni, biokemia na udaktari. Ninachotaka ni kutafiti magonjwa maabara, si kutibu wodini. Nishike ipi?

Koti Jeupe: Udaktari, usisite. Daktari anatibu na anatafiti, ila mwenye biokemia haruhusiwi kutibu. Barry Marshall alikuwa daktari. Mwaka 1984 alikunywa bakteria mwenyewe kuonyesha kwamba wanaumiza tumbo. Hizo biokemia wengi huangukia baada ya kukosa udaktari.

Binti Kemia: Hilo la mwisho lifute. Mimi nilipata udaktari nikaukataa. Nilitaka kujua dawa inafanyaje kazi ndani ya seli. Tu Youyou alisomea famasia, hana shahada ya udaktari wala uzamivu, na ndiye aliyetoa artemisinini, dawa ya malaria, kwenye mmea wa pakanga. Nobel 2015. Naye aliangukia?

Koti Jeupe: Dada, nimesema wengi, sijasema wote. Na yule mama wa chanjo za mRNA, zile za Uviko, si daktari yule?

Mzee wa Maabara: Si daktari. Katalin Karikó alisoma biolojia, uzamivu wake ni wa biokemia. Daktari ni Drew Weissman, na yeye ana uzamivu pia. Nobel ya 2023 waligawana. Mmoja alijua kemia ya RNA, mwingine kinga ya mwili.

Binti Kemia: Asante mzee. Koti Jeupe bado hajafuta.

Koti Jeupe: Sifuti nililoliona kwa macho yangu. Darasani kwetu walihamia udaktari kutoka biolojia, sijaona aliyetoka huku kwenda kule.

Binti Kemia: Walihama kwa sababu ya mshahara! Usigeuze umaskini wa watafiti kuwa udogo wa akili zao.

Namba Hazidanganyi: Mmegombana hadi mmesahau takwimu. Shahada yoyote utakayochukua, usipojua kupanga ukubwa wa sampuli na kusoma matokeo, utakuwa unawabebea wenzako mirija. Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi asiye na shahada ya chuo kikuu, akagundua kipimo cha CT, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili, Nobel 1979.

Koti Jeupe: Sasa tuseme kijana asisome kabisa?

Namba Hazidanganyi: Nani kasema hivyo? Nimesema hesabu.

Mdadisi: Jamani, swali langu. Nikianza na biokemia, mlango wa wagonjwa unafungwa?

Mzee wa Maabara: Haufungwi, mwanangu. Utaongoza maabara yako, na ukitaka kujaribu dawa kwa binadamu utashirikiana na daktari, maana yeye ndiye anayebeba matibabu ya wale wagonjwa. Maadamu wodi huitaki, chukua biokemia, ongeza takwimu, na mwaka wa kwanza huohuo omba kuingia maabara ya mwalimu, hata kama ni kuosha vyombo. Huko utajua kama unavumilia jaribio linaloharibika mara kumi.

Koti Jeupe: Kuosha vyombo. Ndicho ninachosema.

Binti Kemia: Na mimi niliviosha miezi 6. Leo nina wanafunzi wangu. Futa.