Kila nchi mwanachama na bwana wake wa kijeshi, halafu tunaitana "Jumuiya"

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo.

Jumamosi nilikuwa Kongwa msibani. Tukiwa tunasubiri gari la kurudi Dodoma mjini, mzee mmoja wa pale akanipeleka kwenye makaburi ya wapigania uhuru. Kwa wasiojua, kuanzia 1964 Kongwa palikuwa na kambi ya FRELIMO ya Msumbiji, wakafuata ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia), MPLA (Angola), ZAPU (Zimbabwe). Mzee akavua baraghashia, akasema, "Mwanangu, hawa walikuja na lugha zao saba, lakini mwenyeji wao alikuwa mmoja."

Nimerudi na neno hilo hadi leo halinitoki.

(Najua silaha zilitoka Urusi na China, msinirukie. Lakini palikuwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) pale Dar. Mgeni akitaka kusaidia anajua pa kubisha hodi.)

Sasa angalieni leo. 2007 Wamarekani walipotafuta pa kuweka AFRICOM, kamandi ya jeshi lao kwa Afrika, nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, nasi tumo) ziligoma, na makao yake yako Stuttgart, Ujerumani, mpaka kesho. Nikasema hapo sawa. 2022 Zambia, SADC hiyo hiyo, ikakubali ofisi ya ushirikiano wa kiusalama ndani ya ubalozi wa Marekani Lusaka. 2024 Kenya, mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) yenye makao Arusha, ikatangazwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Sisi majirani tumejuaje? Kwenye taarifa ya habari, kama watu wa Brazil!

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji kwenye vita na waasi, ndiyo inaniumiza zaidi, maana ni ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Jeshi la SADC lilikuwepo, la Rwanda lilikuwepo, na Ulaya ikatoa euro milioni 20 kwa la Rwanda. La SADC likafungasha 2024. Mwenye hela ndiye aliyechagua nani abaki, au nakosea?

Halafu Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025. Vijana wa SADC wanakufa, wetu wakiwemo, mbele ya waasi wa M23 ambao wataalamu wa UN wanasema wanabebwa na Rwanda, mwanachama mwenzetu wa Arusha! Ndipo wakubwa wakakumbuka kukutana kwa pamoja, EAC na SADC, Dar, tarehe 8 Februari. Maiti zimeshahesabiwa.

Na mkataba wa ulinzi wa SADC tulisaini hapa hapa Dar 2003. Unasema shambulio la silaha kwa mmoja ni tishio kwa wote. Karatasi nzuri sana.

Sisemi tusishirikiane na mtu wa nje. Nauliza kitu kidogo tu: mwanachama akitaka kusaini na jeshi la nje, wenzake wanaambiwa kabla au baada? Wabunge wamejaa hapa Dodoma, na wengine nawajua humu mnapita kimyakimya. Jibuni.

Wale wa "mkuu una wivu na Kenya", piteni tu, uzi si wenu.