Herufi zinavurugika kwenye seva, mnaniambia "hamia Vim"! Hivi kihariri (programu ya kuandikia mafaili) kinahusika vipi?

Wakuu habari zenu. Nina povu leo, asiyetaka povu apite kando.

Kazini tuna faili la maandishi ya tovuti, Kiswahili kitupu. Liliandikwa kwenye Word, kwa hiyo kila "ng’ombe" na "ng’oa" imekaa na ile alama ya juu iliyopinda, siyo ile iliyonyooka ya kwenye kibodi. Kwenye laptopu yangu ya Debian (aina ya Linux) linafunguka safi kabisa. Nikiingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuingia mashine ya mbali), `less`, amri ya kusomea faili, inanionyesha `ng<E2><80><99>ombe`, na Vim inanitapikia takataka inayoishia na `~@~Y`.

Nikauliza kwenye kundi letu la mafundi. Mmoja: achana na nano, tumia Vim. Mwingine: Vim ya wazee, weka Emacs. Jioni nzima watu wazima wanatoana macho kwa ajili ya vihariri, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza amri ya `locale`, inayoonyesha mipangilio ya lugha na herufi, inatoa nini!

Inatoa malalamiko kwamba haiwezi kuweka LC_CTYPE, mpangilio wa herufi. Laptopu yangu nimeiweka sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, maana Kiswahili kimo kwenye glibc (maktaba ya msingi ya Linux), cha Tanzania na cha Kenya. Ssh ya Debian inabeba LANG na LC_* zako (mipangilio yako ya lugha) na kuzipeleka kwenye seva. Seva inazipokea kwa mikono miwili, kumbe sw_TZ yenyewe haijatengenezwa kule, basi programu zinarudi kwenye C, yaani ASCII, herufi 128 na hakuna zaidi. Yaani kosa langu ni kuchagua lugha yangu! UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, walishaibuni Ken Thompson na Rob Pike tangu 1992, halafu kampuni inayotukodisha seva inatupa mfumo uliochunwa hadi mifupa. Nimewaandikia, wakajibu "jaribu kihariri kingine" na tiketi wakaifunga. Na ninyi pia?

Dawa yenyewe ni ya dakika chache: fungua `/etc/locale.gen`, toa alama ya # mbele ya mstari wa sw_TZ, endesha `locale-gen` kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), toka, ingia upya. Kama huna ruhusa ya sudo, andika `export LC_ALL=C.UTF-8` uendelee na kazi.

Ila ushauri wa kubahatisha una gharama. Jamaa mmoja ofisini akaamini faili ndilo bovu, akalipitisha kwenye `iconv`, amri ya kugeuza mfumo wa herufi, kutoka CP1252 (mfumo wa Windows) kwenda UTF-8. Faili lilikuwa UTF-8 tayari! Baiti tatu za ile alama, e2 80 99, kila moja ikageuzwa kuwa herufi kamili, na sasa "ngâ€™ombe" imo ndani ya faili kikweli. Wateja wakaisoma hivyo hivyo kwenye tovuti. Tukalirudisha kwa `iconv -f UTF-8 -t CP1252`, kinyumenyume. Jamani, endesheni kwanza `file -i` au `hexdump -C`, mjue kilichomo, ndipo mguse.

Na hao wa "hamia Vim", mnajua hata ni Vim gani iko kule? Ni vim-tiny, Vim iliyopunguzwa. Ukiwa unaandika ukabonyeza mshale wa juu inakuandikia A, wa chini B. Mgeni akikutana na hiyo siku ya kwanza anaona kibodi imekufa. Weka kifurushi kamili cha vim, au andika `:set nocompatible`. Nano nayo, ukitokea kwenye terminali (dirisha la amri) ya kitty, inakataa kufunguka: `Error opening terminal: xterm-kitty`. Hapo ni TERM, jina la terminali; seva haiijui terminali yako; `export TERM=xterm-256color` inatosha.

Mimi natumia nano na sihami. Nabadilisha mistari miwili ya mipangilio natoka, Emacs ya nini?

Sasa swali langu, na naomba lijibiwe hilo hilo: kuna mtu amefanikiwa kuizuia ssh isipeleke LANG kwa seva moja tu, bila kugusa zingine? Kwenye `/etc/ssh/ssh_config` naona `SendEnv LANG LC_*` imewekwa kwa wote. Nimesoma kwamba `SendEnv -LC_*` inafuta kilichotajwa kabla yake tu, na `~/.ssh/config` husomwa kabla ya faili hilo la `/etc`, kwa hiyo sioni kama itafaa. Aliyeijaribu aseme. Wa vihariri wafungue uzi wao.