Mrejesho: mkanda wa kinu cha posho uliokuwa ukiungua

Wadau, niliuliza kwa nini mkanda wa kinu chetu hapa Kariobangi unanuka kuungua na unga unatoka chenga. Mota ni mizunguko 1440 kwa dakika, puli yake (gurudumu linalopitishiwa mkanda) ina kipenyo cha milimita 200, ya kinu 100. Hesabu ya mwendo wa kinu ilikuwa sawa: 1440 × 200 ÷ 100 = mizunguko 2880 kwa dakika.

Waliojibu kwamba puli ya kinu ni ndogo mno walilenga penyewe. Mkanda wetu wa aina ya B (saizi mojawapo ya mikanda yenye umbo la V) haupendi puli iliyo chini ya milimita 125: unajikunja kupita kiasi, unateleza, unapata moto. Tena sakafu ya mfereji wa puli ya zamani ilikuwa inang'aa kama kioo, ishara kwamba mkanda ulikalia chini badala ya kubana kwa mbavu zake, yaani pande zake mbili.

Sasa ni 250 kwa mota na 125 kwa kinu, uwiano uleule. Kinu kikisaga, kipima mizunguko kinasoma 2810. Upungufu huo mdogo ni mtelezo wa kawaida. Unga ni laini.

Angalizo kwa atakayefuata: mota ikibaki palepale, mkanda mpya uwe mrefu zaidi kwa takriban milimita 120. Ukaze tena baada ya saa chache za kazi.