Intani kununua probu ya altrasaundi ya mfukoni kwa hela yake, nifanye au nisubiri?

Intani_Zamu_Usiku

Habari za majukumu wakuu. Mimi ni intani kwenye hospitali moja ya mkoa huku bara, sa hizi niko wodi ya magonjwa ya wanawake. Naomba ushauri wa mliotangulia maana jambo hili linaninyima usingizi.

Wiki tatu zilizopita saa nane usiku aliletwa dada wa miaka ishirini na kitu, tumbo linamuuma tangu jioni na alidondoka chooni nyumbani kwao. Presha 80/50, mapigo 130, viganja vyeupe, anaongea kwa shida. Tukapima mkojo, mimba ipo. Pale wodini kila mtu alishajua ni mimba ya nje ya kizazi na imepasuka. Nikampigia mkubwa wangu wa zamu, swali la kwanza, "altrasaundi inasemaje?" Sasa chumba cha altrasaundi kina kufuli, mtu wake katoka saa tisa na nusu alasiri, simu inaita tu haipokelewi. Tulimsukuma na kitanda mpaka mlangoni tukidhani labda kuna mtu, tukarudi naye. Dakika arobaini zimekwenda hivyo, dripu zinaingia mikono yote miwili na presha haipandi. Nesi mmoja wa siku nyingi ndo akaniambia "dokta, chukua sindano uchungulie tumbo", nikachoma, nikavuta damu, nikaiweka kwenye chupa nikasubiri haikuganda, nikapiga tena simu nikasema damu haigandi, maana yake imevujia tumboni, ndo tieta ikafunguliwa. Walitoa zaidi ya lita mbili. Alipona, Mungu mkubwa, siku ya tano alitoka kwa miguu yake. Ila mimi zile dakika arobaini sijazisahau.

Nimeona kuna hizi probu ndogo (kile kishikio cha altrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi) unachomeka kwenye simu. Nimejibana kwenye posho nina kiasi, na kaka yangu kasema ataongezea. Nilipomshirikisha mkubwa mmoja akasema altrasaundi ni kazi ya watu wa radiolojia, intani akianza kuchungulia wagonjwa mwenyewe ataua mtu. Na kweli chuo tulisoma fizikia ya mawimbi, mtihani nikafaulu, probu yenyewe sijawahi kuishika. Je ninunue? Na kama ni kujifunza naanzia wapi bila kumdhuru mtu?

Daktari_wa_Dharura

Mdogo wangu pole na hongera, ile sindano iliokoa mtu, usiidharau, siku mashine imekufa au umeme umekatika utaihitaji tena.

Mimi niko idara ya dharura, Dar. Muhimbili walifungua idara ya dharura mwaka 2010 na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha palepale Muhimbili, wakaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo, na kwa watu hawa probu ni kifaa cha kila siku kama kipima presha. Kwa hiyo hilo la "ni kazi ya radiolojia" ni nusu ya ukweli. Mtu wa radiolojia anapiga altrasaundi kamili, anapita kiungo kwa kiungo, anapima, anaandika ripoti, na hiyo kazi wewe huiwezi wala usiijaribu. Wewe kitandani unauliza swali moja ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Kwa yule dada swali lilikuwa moja tu, kuna maji tumboni yasiyotakiwa kuwepo? Hukuhitaji kuiona mimba yenyewe kwenye mrija, na ukianza kuitafuta utapoteza muda uleule uliopotea pale mlangoni. Mwenye mimba, presha iko chini, kuna maji kati ya ini na figo la kulia, huyo ni wa tieta, hamna mjadala.

Sasa namna ya kuangalia, maana wengi wanakosea hapa. Tumia probu ile ya uso wa mviringo, ya tumbo, alama yake ielekee kichwani kwa mgonjwa. Weka ubavuni kulia, mstari wa katikati ya kwapa, usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Utaona ini, chini yake figo, na katikati yao mstari mweupe mwembamba. Maji yakiwepo ule mstari unafunguka unakuwa ukanda mweusi. Usiishie hapo, telezesha probu taratibu kushuka mpaka uione ncha ya chini ya ini, kwa sababu maji kidogo hujitokeza pale kwanza, na intani wengi wanaangalia katikati wanaona safi wanaondoka. Kisha kushoto kwenye wengu, hapo shika probu nyuma zaidi na juu zaidi kuliko unavyofikiri, vifundo vya vidole vyako karibu viguse godoro. Kisha nyonga juu ya kibofu. Na tafadhali sana angalia nyonga KABLA ya kuweka katheta, yaani mpira wa mkojo, kibofu kikiwa kimejaa ndo dirisha lako, ukishakikausha umejifungia mwenyewe.

Mipaka yake uijue kama jina lako. Damu chini ya mililita 200 hivi unaweza usiione kabisa. Damu iliyoganda inakuwa kijivu inafanana na nyama za jirani. Inayovuja nyuma, kule zilipo figo na mishipa mikubwa, haionekani kwa njia hii. Na altrasaundi haikuambii kama maji ni damu, mkojo au maji ya ugonjwa wa ini, hilo anakuambia mgonjwa na historia yake. Kwa hiyo "ndiyo" yako ina nguvu, "hapana" yako haina. Ukiona safi na mgonjwa bado anadidimia rudia baada ya muda mfupi, na daktari wa upasuaji unamwita vilevile.

Kuhusu kujifunza, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, wanataka mtu apige mara 25 mpaka 50 kwa kila aina ya kipimo chini ya uangalizi kabla ya kusimama mwenyewe. Sasa wewe zipige wapi? Kwa wagonjwa ambao jibu linajulikana. Mwenye ini bovu aliyejaa maji tumboni, mwenye maji kifuani anayesubiri kutolewa, waombe ruhusa, angalia. Jicho lizoee maji ya uhakika ndipo likatafute ya kubahatisha. Swali la pili kwa mazingira yetu nakushauri liwe TB kwa wenye VVU, wanaita FASH. Yule mgonjwa aliyekonda, homa haishi, makohozi hatoi, unaangalia maji kuzunguka moyo, maji kifuani na tumboni, tezi kubwa pembeni ya mshipa mkuu wa tumbo, na vidoadoa vyeusi kwenye wengu. Kwa hilo nimeanzisha wagonjwa dawa siku hiyohiyo badala ya kuzunguka nao wiki mbili.

Kununua, usianze na hilo. Butterfly, moja ya hizo probu za simu, ilipotoka 2018 ilikuwa chini kidogo ya dola 2,000 na juu yake kuna ada ya kila mwaka. Ni kitu kizuri, imetumia chipu badala ya zile fuwele za kawaida zinazotoa mawimbi ndo maana probu moja inafanya kazi ya probu tatu, lakini inapata joto na chaji haikai. Tafuta kwanza mashine iliyopo hospitalini kwenu. Wodi ya wazazi haikosi moja ya kusukuma kwa magurudumu, imefunikwa kitambaa.

Sonografa_Mkongwe

Naomba na mimi niongee maana mimi ndo mtu wa upande wa pili wa huo mlango. Sio pale kwenu, ila hadithi ni hiyohiyo. Tuko wawili kwa hospitali nzima, wa nje, wa wodini, wajawazito, na zamu ya usiku haipo kwenye ratiba wala kwenye malipo. Nikisoma dakika arobaini zile moyo unaniuma kweli, sijisikii kutetea kufuli.

Lakini dokta hapo juu kasema "hapana yako haina nguvu", hilo lirudiwe kila siku. Nimeshaona faili limeandikwa "altrasaundi: kawaida" na mkono wa daktari aliyeangalia sehemu moja tu kwa dakika mbili. Mgonjwa akahamishiwa wodi nyingine, kule wakasoma "kawaida" wakaamini ni kipimo kamili, hakuna aliyemleta kwangu. Siku nne baadaye alipoletwa usaha ulikuwa umejaa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, upande wa kushoto. Kwa hiyo mwanangu ukiangalia andika swali na jibu. Andika "altrasaundi ya kitandani, nimetafuta maji huru tu, sikuona, kipimo kamili asubuhi", weka saa na jina lako. Neno "kawaida" liache kwetu.

Na uje ukae na sisi. Kweli kabisa, asubuhi moja kwa wiki, utashika probu kwa wagonjwa ishirini kabla ya saa sita. Kitu cha kwanza nitakachokuona unakosea nakijua tayari, utabana jeli. Picha nyeusi nyeusi ya madaktari wachanga nusu yake ni hewa kati ya probu na ngozi. Jeli ikiisha uji wa wanga wa mahindi uliopoa unafanya kazi, uwe laini bila madonge, upikwe siku hiyohiyo usilale. Halafu futa probu kila mgonjwa, ila sio spiriti kwa kila aina, nyingine mpira wake unapasuka, soma maelekezo ya mashine.

Mkunga_wa_Magharibi

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni nesi mkunga kwa hospitali ndogo pande za Western, hatuna radiolojia kabisa, mwenye mashine yuko mjini na mama analipa nauli aende aje. Tulifunzwa vitu vinne pekee: mtoto ni mmoja ama ni mapacha, moyo unapiga, kichwa kiko chini ama ni matako, na kondo la nyuma limekaa wapi. Basi. WHO tangu 2016 wanasema kila mama apigwe altrasaundi angalau moja kabla ya wiki 24, lakini wamama wetu wengi wanakuja kliniki wamechelewa.

Mwezi uliopita nilipata mapacha kwa mama aliyedhani ni mtoto mmoja mkubwa, alikuwa ameshapanga kuzaa nyumbani na mamake mzazi. Nilimgeuzia skrini aone vichwa viwili mwenyewe, akanyamaza, akashika mkono wa bwanake. Walienda mjini wiki mbili kabla. Dokta wa swali, usiogope kuambiwa si kazi yako, lakini mwombe mkubwa wako aandike kwa karatasi kwamba unajifunza chini yake. Hiyo karatasi ilitusaidia sisi.

Intani_Zamu_Usiku

Wakuu ahsanteni sana, sikutegemea. Mashine ipo kweli wodi ya wazazi, ilikuwa imefunikwa shuka, probu ya tumbo inafanya kazi, ile ya mishipa imekufa. Nimeacha kwanza kununua. Leo asubuhi nimekaa na sonografa wetu, nilimkuta mtu mwema kabisa na alilijua tukio lile, siku ile alikuwa msibani.

Swali dogo. Nimeangalia watu sita. Kwa mama mmoja mnene kati ya ini na figo kulikuwa na ukanda mweusimweusi nikashtuka, lakini hana ugonjwa wowote, kaja na mguu tu. Ni nini?

Daktari_wa_Dharura

Hayo ni mafuta yanayozunguka figo, yanadanganya wengi. Ukitazama vizuri sio meusi kabisa, ndani yana chembechembe za kijivu, na mgonjwa akivuta pumzi ukanda unasogea pamoja na figo. Maji ni meusi tii na yana kona kali yanapojipenyeza. Nenda figo la kushoto kwa mama yuleyule, utakuta ukanda kama huo. Rudi ukaangalie kesho kabla hajaruhusiwa, halafu uniambie.